Unyayo Usiosema

Katika kliniki ya kisukari jijini Dar es Salaam, sista ameketi chini kuliko mgonjwa wake. Mguu wa mzee ameupakata kwenye kitambaa safi, taa ameiinamisha mpaka unyayoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wala hakiumi."

Hilo ndilo linalomtia sista wasiwasi. Sukari ya miaka mingi imeua mishipa ya fahamu. Kidonda kimetoboka chini ya dole gumba na mwenyewe asijue, hadi alipoona damu kwenye kandambili.

Anamwomba afumbe macho. Anachukua uzi mgumu wa nailoni unaojipinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, anaugusisha hapa, anauinua, anaugusisha pale. Mzee kimya. Kisha vidole viwili vinatafuta mapigo ya damu, juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Anatulia mpaka ayapate, maana mguu usiofikiwa na damu haukatwikatwi ovyo.

Ndipo anashika kisu. Kidonda kimezungukwa na sugu ya manjano kama nta. Wengi hudhani sugu ni kinga, kumbe kila hatua inakandamiza nyama kama kokoto iliyonasa kiatuni. Kisu amekilaza karibu bapa. Ganda linatoka jembamba, linapitisha mwanga, kisha lingine, na lingine. Nyama iliyokufa, ya kijivu, anaiinua kwa koleo na kuikata. Ukingo unapotoa vitone vya damu mbichi, mkono unatua palepale. Mimi ninayetazama kando nilikuwa nimesahau kupumua.

Kwa kijiti butu cha chuma anapima kina. Kikigonga kigumu, huenda ni mfupa. Hakikugonga. Anaosha kwa maji ya chumvi, anafunika kwa shashi.

"Mbona kimekuwa kikubwa?" anauliza binti wa mzee.

"Huu ndio ukubwa wake, dada. Sugu ilikuwa imeuficha."

Kilichobaki ni kuupunguzia unyayo mzigo. Daktari Paul Brand, aliyetibu wakoma India, alifunga miguu yenye ganzi kwa plasta iliyoshika wayo wote, uzito usambae. Leo sista anakata sponji nene, anaacha tundu penye kidonda, anajaribisha, anapunguza ukingo, anajaribisha tena.

"Magongo, babu, hata ukienda chooni."

Anaandika kwenye kadi: milimita 14 kwa 11. Arudi baada ya siku 7.