Karani Aliyehesabu Beti

Ukikifungua Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, mahali popote katika kurasa zake 1,430, jicho litakwama kwenye tarakimu. Ziko mwisho wa kila ubeti na mwisho wa kila shairi, wakati mwingine tatu, nne, hata tano zikifuatana, zimetenganishwa kwa vijistari viwili vya wima. Waumini wanaosoma kwa sauti huzipita. Anayetaka kujua kitabu kilivyojengwa aanzie hapo hapo, maana tarakimu hizo zina mchango mkubwa katika kuyafanya mashairi yaliyokusanywa Amritsar mwaka 1604 yasomwe leo kwa mpangilio ule ule. Aliyezitia kwenye karatasi, kwa mapokeo ya Wasikh, ni Bhai Gurdas, mshairi ambaye mstari wake mwenyewe haumo kitabuni hata mmoja.

Gurdas alizaliwa Punjab yapata mwaka 1551 katika ukoo wa Bhalla, wa tabaka la Khatri, watu wa biashara, daftari na kalamu. Guru wa tatu, yaani kiongozi wa tatu wa Wasikh, Amar Das, alikuwa wa ukoo huo huo. Bibi Bhani, binti wa Amar Das, alikuwa dada yake Gurdas kwa upande wa baba, hivyo kwa watoto wa Bhani yeye alikuwa mjomba. Alijua vizuri Kipunjabi na Kibraj, akatumwa Agra kuwafundisha Wasikh wa huko, na akarejea Amritsar baada ya Guru Ram Das, mume wa Bhani, kufariki mwaka 1581. Kiti cha Guru kilikuwa kimekwenda kwa Arjan, kitinda mimba wao. Prithi Chand, mtoto wa kwanza, hakukubali. Mjomba wa wote wawili akasimama na mdogo.

Ugomvi wa urithi ni wa kawaida, na huu nao ungeishia kwenye mapato na wafuasi kama isingekuwa tatizo moja la kiufundi. Guru Nanak, mwanzilishi, alitia jina lake katika mistari ya mwisho ya mashairi yake, kama walivyofanya washairi wengi wa India na kama wanavyofanya malenga wetu. Waliomfuata, Angad, Amar Das na Ram Das, hawakutia majina yao. Wote walitia “Nanak”. Kiimani jambo hilo lina mantiki: nuru ni moja, inahama kutoka mtu hadi mtu. Kwa mtunza mswada ni balaa. Meharban, mwana wa Prithi Chand, alikuwa mtunzi hodari, naye akatunga kwa jina la Nanak. Mtu wa kijijini aliyesikia shairi zuri la ibada linaloishia kwa jina hilo angejuaje limetoka nyumba ipi? Sahihi iliyokuwa dhamana ya shairi sasa ilikuwa inaweza kuazimwa na yeyote.

Jibu la Guru Arjan lilikuwa kukusanya kila kitu mahali pamoja na kufunga mlango. Mapokeo yanasema alikwenda mwenyewe Goindval kumwomba mjomba wake mwingine, Baba Mohan mwana wa Amar Das, vitabu vya zamani vilivyokuwa na nyimbo za Guru wa kwanza hadi wa tatu. Kisha wakaketi kando ya bwawa la Ramsar, pembezoni mwa Amritsar, Guru akichagua na kusoma, Gurdas akiandika. Uamuzi wa nini kiingie ulikuwa wa Guru. Mkono uliougeuza uamuzi huo kuwa kurasa ulikuwa wa karani, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuliacha jina la Nanak lilivyo ndani ya mashairi na kumtambulisha mtunzi nje yake. Juu ya kila shairi pakawekwa kichwa chenye neno mahala na namba. Mahala 1 ni Nanak, 2 ni Angad, 3 Amar Das, 4 Ram Das, 5 Arjan mwenyewe. Imani haikuguswa, na utambulisho ukapatikana. Napenda sana busara ya hatua hii, kwa sababu njia rahisi ingekuwa kubadilisha sahihi, na kubadilisha sahihi kungekuwa kubadilisha shairi.

Pili ni mpangilio. Mashairi haya yalitungwa kuimbwa, na karibu kila moja lina raga yake, yaani mfumo wa sauti wenye ngazi na hisia zake. Gurdas hakupanga kwa watunzi, wala kwa tarehe, wala kwa mada. Baada ya sala za kila siku, zinazochukua kurasa 13 za mwanzo katika chapa za leo, kitabu kinaingia Siri Raga na kuendelea raga baada ya raga hadi ukurasa wa 1353. Ndani ya kila raga yanatangulia mashairi mafupi, yanafuata yenye beti nane, halafu nyimbo ndefu zaidi. Ndani ya kila aina watunzi wanafuatana kwa namba zao. Baada ya Maguru wanakuja watakatifu waliotoka nje ya ukoo na hata nje ya dini: Kabir mfumaji, Ravidas mshona viatu, Namdev, na Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu. Wako 15 kwa jumla, na kila mmoja ana mahali pake panapojulikana. Shairi lolote, kwa hiyo, lina anwani: raga, aina, mtunzi, nafasi. Anayetaka kupenyeza la kwake hawezi kuliweka tu mwishoni mwa kitabu likatulia. Lazima alipatie anwani, na anwani zote jirani zina wenyewe.

Halafu ndipo zinakuja tarakimu. Chukua mfano mmoja ulioko kitabuni, mwisho wa kundi la Mahala 4 katika mashairi mafupi ya Siri Raga. Baada ya neno la mwisho zimeandikwa namba tano: 4, 33, 31, 6, 70. Ya kwanza inasema shairi hili lina beti nne. Ya pili inasema katika sehemu hii Nanak ana mashairi 33. Ya tatu, Amar Das ana 31. Ya nne, Ram Das ana 6, na hili ndilo la sita. Ya tano ni jumla, nayo ukiijumlisha mwenyewe kwa vidole utaipata. Baada ya hapo linaingia kundi la Guru Arjan lenye mashairi 30, na hesabu inafika 100 kamili.

Ni daftari la muuza duka mwangalifu: kila ukurasa una jumla yake, na kila jumla inabebwa kwenda ukurasa unaofuata. Mtu akichomeka shairi la 71 katikati, si namba moja tu inayoharibika. Zinaharibika zote zinazofuata katika sehemu hiyo, na atalazimika kuziandika upya mbele yote, kisha aurekebishe na mpangilio wa yaliyomo ulioko mwanzoni mwa mswada. Akipunguza ubeti mmoja, namba ya kwanza inamsuta. Hata kiitikio, kinachoitwa rahau, kina namba yake ya pembeni ili kisihesabiwe kama ubeti. Msomaji wa tenzi za mwambao hatashangaa sana, kwa kuwa watunzi wetu wa zamani nao walikuwa na desturi ya kutaja katika beti za tamati jina lao, mwaka na idadi ya beti, ili mnakili asiongeze wala asipunguze. Tofauti ni kwamba utenzi hujihesabu mara moja, mwishoni, wakati Granth inajihesabu kila hatua.

Ulinzi huo ulihitajika pia kwa sababu ya namna ya kuandika ya enzi hizo. Hati ya Gurmukhi, ambayo Wasikh wanamshukuru Guru Angad kwa kuipanga, iliandikwa bila nafasi kati ya maneno. Mstari mzima ni mnyororo mmoja wa herufi chini ya mstari ulionyooka. Macho ya mnakili aliyechoka huruka kwa urahisi kutoka neno fulani hadi neno lile lile mistari miwili mbele, na ubeti mzima ukapotea bila yeye kujua. Vijistari viwili na namba ndizo zilizokuwa vituo vyake vya kupumzikia na kujikagua. Tena mwisho wa baadhi ya nyimbo ndefu limebaki neno fupi la ukaguzi, sudhu, kuthibitisha kwamba hapo pamepitiwa na ni sahihi. Wachapishaji hadi leo wanalichapa humo humo ndani ya maandishi, karani akisikika bado yuko kazini.

Mswada ulipokamilika mwaka 1604 uliwekwa Harmandir Sahib, hekalu lililo katikati ya bwawa la Amritsar, na mzee Baba Buddha akawa msomaji wake wa kwanza. Mswada unaoheshimiwa kuwa ndio ule wa asili unatunzwa Kartarpur, karibu na Jalandhar, na familia ya Sodhi. Una karatasi 974, na kati ya sehemu na sehemu kuna kurasa nyingi zilizoachwa wazi.

Kurasa hizo wazi zinanivutia kuliko zilizojaa. Mpango mgumu wa namna hii ungeweza kuvunjika siku ya kwanza unapohitaji nyongeza halali, na siku hiyo ilifika. Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alitunga mashairi, na mwanawe Guru Gobind Singh akayaingiza. Hakuna kilichobomolewa. Yalipewa kichwa cha Mahala 9, yakapangwa katika kila raga aliyoitumia, baada ya Mahala 5, na raga moja aliyoitumia yeye peke yake, Jaijavanti, ikaongezwa mwishoni. Raga 30 zikawa 31.

Lakini hesabu hulinda kilichokwisha kuingia tu. Mlangoni haina nguvu. Mapokeo yanaeleza kwamba Bhai Banno alipewa mswada aupeleke Lahore kujalidiwa, na njiani akajinakilia wake. Nakala za mkondo unaoitwa kwa jina lake zina nyongeza, likiwemo shairi la Mira Bai na shairi zima la Surdas, ambaye katika kitabu kinachotumika leo ana mstari mmoja tu. Aliyeanza na nakala mpya aliweza kuhesabu upya, na hesabu yake nayo ikatimia. Kilichoamua mkondo upi udumu ni jumuiya na viongozi wake. Wanaosema Granth ilijilinda yenyewe kwa ufundi wake wanaupa ufundi sifa isiyo yake.

Guru Arjan aliuawa Lahore mwaka 1606, chini ya utawala wa mfalme Jahangir. Gurdas aliishi miaka mingine 30, akimtumikia Guru wa sita, Hargobind, hadi alipofia Goindval. Mashairi yake ni mengi: vaari 40 kwa Kipunjabi, na beti za aina ya kabiti kwa Kibraj, ambazo 556 zilijulikana tangu zamani na 119 zikafuatiliwa na kuchapishwa katika karne ya 20 na Bhai Vir Singh. Vaari ni utungo wa kishujaa, wa kusimulia vita na wafalme. Gurdas alilichukua umbo hilo akalijaza mafundisho. Vaari ya kwanza inasimulia safari za Nanak hadi Makka na Baghdad. Ya 11 inaorodhesha Wasikh mashuhuri wa zama za Maguru sita wa kwanza, majina juu ya majina. Ya 26 ina ubeti unaokusanya bila aibu malalamiko ya watu juu ya Hargobind, kwamba hatulii mahali pamoja, amefungwa na mfalme, anafuga mbwa na kuwinda, kabla ya kuyajibu. Ya 36 inawashukia wafuasi wa Prithi Chand, yaani watoto na wajukuu wa dada yake, na haina huruma.

Kwa nini basi hayumo? Wasikh husimulia kwamba Guru Arjan alimkaribisha aingize mashairi yake, akakataa kwa unyenyekevu, na Guru akayaita ufunguo wa Granth. Wapo wanaodhani sababu ni kwamba hakuwa Guru, hivyo hakuwa na namba ya mahala. Hoja hiyo haisimami. Satta na Balvand, waimbaji wa baraza, wamo bila mahala. Sundar, kitukuu wa Amar Das, yumo, kwa hiyo hata undugu haukuwa kizuizi. Nafasi ya kiufundi ilikuwepo na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Kubaki nje kulikuwa uamuzi, na mimi naona ulimsaidia karani: hakuna aliyeweza kumshutumu kwamba alijipendelea.

Kanuni za Wasikh zimempa heshima kwa njia nyingine. Mbali na maandiko yenyewe, tungo zinazoruhusiwa kuimbwa katika ibada ni za watu wawili, Bhai Gurdas na Bhai Nand Lal. Msafiri aliyewahi kusimama Makindu, kwenye hekalu la Makalasinga lililo kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi, akala chakula cha bure huku uimbaji ukitoka ukumbini, huenda amewahi kumsikia Gurdas bila kujua.

Ila tungo zake hazikupata mlinzi wa aina yake. Matoleo mengi ya vaari zake yana ya 41, na hiyo inamtaja Guru Gobind Singh, aliyezaliwa mwaka 1666, miaka 30 baada ya Bhai Gurdas kufa. Iliandikwa na mshairi mwingine wa baadaye, naye pia aliitwa Gurdas.