Zombi hutambulika, Marburg haitambuliki

Msomaji, kama umewahi kuangalia sinema ya mazombi kwenye kibanda umiza, iwe Kahama mjini au Kakola karibu na mgodi wa Bulyanhulu, unajua mambo yanavyokwenda. Kiongozi anatokea kwenye runinga, anasema hali ni shwari, na ukumbi mzima unajua anadanganya. Train to Busan (2016) ya Yeon Sang-ho iko hivyo. Kwenye 28 Days Later (2002) ya Danny Boyle wanajeshi wanawaita watu redioni waje walindwe, kumbe hatari ni wao wenyewe.

Kanda yetu ya dhahabu haihitaji zombi kufundishwa mashaka. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, yakaibuka madai kwamba wapo waliofukiwa hai kwenye maduara. Serikali ilikanusha, na mwaka 2002 kitengo cha malalamiko cha Benki ya Dunia kikasema hakikuona ushahidi. Wanasheria wa LEAT walidai uchunguzi huru, haukufanyika. Mpaka leo habari hiyo inasimuliwa.

Kwa hiyo sizilaumu sinema kwa kutoiamini serikali. Nazilaumu kwa baiolojia yake. Kirusi cha Boyle kinamgeuza mtu ndani ya sekunde chache, hivyo aliyeambukizwa unamwona kwa macho. Maabara ya nini? Shujaa anafunga mlango, hamwamini yeyote, anapona.

Sasa chukua Marburg, iliyozuka Biharamulo, jirani kabisa na Geita, mwanzoni mwa 2025. Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kuonekana. Mlipuko hukomeshwa kwa kuulizana: ulimuuguza nani, ni nani walioosha maiti, mlikaa na nani? Kila anayetajwa anafuatiliwa siku 21. Yaani kazi yote inategemea mtu akubali kutaja majina ya ndugu zake mbele ya mtu wa serikali. Shujaa wetu wa sinema angekataa, na wote tungempigia makofi.

Na serikali ilianzaje? Januari 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza washukiwa 9, wakiwemo 8 waliofariki. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazina Marburg. Januari 20 Rais Samia akathibitisha ipo. Mtunga sinema angeona njama hapo. Mimi naona jambo la kawaida zaidi: maabara hupima sampuli iliyoletwa, haipimi wilaya nzima. Ila "hakuna" na "bado hatujaiona" ni majibu mawili tofauti, bana, na watu wenye kumbukumbu ya 1996 wanasikia tofauti hiyo haraka sana. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13. Wagonjwa waliohesabiwa ni 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa. Wote walifariki.

Kati ya sinema hizo mbili naichagua ya Busan, kwa sababu ya mwisho wake (samahani kama hujaiona). Wanajeshi wanaona vivuli vinatoka kwenye handaki, hawajui ni watu au mazombi, na amri ya kupiga risasi imeshatolewa. Kisha wanasikia mtoto akiimba.