Pongezi kwa Vibanda vya Chai

Ukungu ungali umetanda Litein, Kericho, na mafuta ya mandazi yameshachemka. Mchumaji anatua kikapu mlangoni na kuagiza chai ya maziwa na mandazi mawili.

Mashamba makubwa ya chai yalifunguliwa Kericho miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikiwa mstari wa mbele. Siku hizi viwanda vya wakulima wadogo, kama cha Litein na cha Kapkoros kule Bomet, husaga na kuviringisha majani yakawa punje ndogo zinazokoza rangi upesi. Nyingi huteremka hadi mnada wa Mombasa.

Zinazobaki ndizo fahari ya kibanda. Hapa chai haitumbukizwi kikombeni tu. Huchemshwa sufuriani pamoja na maziwa, mara nyingine na tangawizi, hadi ifure.

Kazi ya kibanda ina hesabu ngumu. Vita vya Ukraine vilipopaisha bei ya ngano mwaka 2022, mpishi alibaki na mawili: apandishe bei ya andazi au apunguze donge.

Bado anaamka alfajiri kukanda. Na mteja aliyeishiwa huandikwa daftarini, alipe deni bonasi ya chai ikiingia.