Hodi ya Seva Pepe: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi

Ukiingia kukagua chumba cha seva jijini Kigali, zipite grafu za rangi ukutani. Mwombe fundi azime huduma iliyo ndani ya seva pepe, seva yenyewe ikibaki inawaka. Kisha tazameni ruta. Ikiwa bado inaamini njia ya kwenda kwenye seva ile ipo, kazi ni mbovu, hata kama skripti yake imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza.

Kosa hili ni la kawaida mno. Skripti huambiwa: seva ikiwaka, itangazie ruta anwani yake. Lakini kuwaka si kuwa tayari; hifadhidata huenda bado inajipanga huku wateja wameshaanza kumiminika. Fundi mzuri hutumia programu kama ExaBGP au BIRD, akaifunga kwenye kipimo kinachoiuliza huduma yenyewe kila baada ya sekunde chache. Jibu likiwa sahihi, anwani inatangazwa. Jibu likikosekana, tangazo linaondolewa. Na seva nzima ikifa ghafla? Waraka wa mwaka 2006 wa BGP, itifaki ya kutangaziana njia, unapendekeza ruta isubiri sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Sekunde 90 za kupeleka wateja shimoni ni nyingi. Muulize kama ametumia BFD, itifaki ya kupima uhai wa muunganisho, inayoweza kugundua kifo hicho ndani ya sekunde moja.

Chini ya BGP kuna ARP, inayooanisha anwani na mashine yake, na hapo wengi hawaangalii kabisa. Kanuni ya mwaka 2008 inaitaka mashine ipige hodi mara tatu, kama mgeni mwenye adabu, kuuliza kama anwani ina mwenyewe. Kukiwa kimya, ndipo inajitangaza mara mbili, kwa nafasi ya sekunde 2. Fundi akilipua kazi hapa, ruta hubaki na kumbukumbu ya mashine ya zamani. Ruta nyingi za Cisco, zisiporekebishwa, huishikilia kwa saa 4.

Sasa geukia ruta. Ruta nzuri haiziamini seva zake. Kila seva iruhusiwe kutangaza anwani yake moja tu, na tangazo hilo lisitoke nje ya jengo. Kinachokwenda RINEX, kituo cha kubadilishana intaneti kilichoanza 2004 na sasa kinasimamiwa na shirika la RICTA, ni fungu zima la anwani, tulivu, lisilocheza kila seva inapozimwa. Liwe pia na ROA, yaani idhini ya kulitangaza, kutoka AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti Afrika. Madhara ya tangazo kuvuja yanajulikana: tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilikusudia kuifunga YouTube nchini mwao tu. Tangazo likavuja kupitia kampuni ya PCCW ya Hong Kong, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa 2. Kwa Rwanda, isiyo na bahari, tangazo la hovyo laweza kuupeleka ujumbe wa kutoka Nyamirambo kwenda Kacyiru, mitaa ya Kigali, hadi Mombasa na ng'ambo, kisha urudi.

Jaribio la mwisho nalipenda kuliko yote: kuwasha seva zote kwa mpigo, kama umeme uliokatika umerudi. Zikipiga kelele pamoja, swichi huelemewa. Kanuni ileile ya 2008 iliwaza hilo, ikaamuru kila mashine ingoje muda wa kubahatisha, usiozidi sekunde moja, kabla ya hodi ya kwanza. Omba kumbukumbu za seva, ulinganishe nyakati.