Mbinu nane za Tecmo Super Bowl

Anayeiwasha leo Tecmo Super Bowl, gemu ya futiboli ya Kimarekani ambayo kampuni ya Kijapani ya Tecmo iliitoa mwaka 1991 kwa mashine ya Nintendo, huanza kuihukumu kwa macho. Anaona vijitu vya pikseli chache, uwanja unaotazamwa kutoka ubavuni, na wachezaji wanaopotea na kurudi kila wanaporundikana mahali pamoja. Macho yanamdanganya. Mashine ile ya biti 8 haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa skrini, na kila fundi wa zama zile aliilipa kodi hiyo. Gemu ya zamani hupimwa kwa haki pale tunapotazama fundi alikata nini, kisha tukauliza kama kilichobaki kinamlazimisha mchezaji kuamua.

Futiboli ya Kimarekani yenyewe ni mchezo wa kusimama na kuanza upya. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kabla ya kila jaribio pande zote mbili hupanga mbinu kwa siri. Timu halisi huingia uwanjani na mamia ya mbinu. Tecmo walibakiza nane: nne za kukimbia na mpira, nne za kurusha pasi. Mwenye mpira anachagua moja. Mkabaji, mbele ya orodha ileile, anakisia mwenzake amechagua ipi. Akipatia, ukuta wa mbele unabomoka na aliyeshika mpira anazingirwa kabla hajajua pa kwenda. Katika Tecmo Bowl iliyotangulia kwenye mashine hiyohiyo mwaka 1989, mbinu zilikuwa nne tu, na nne ni chache mno, kwa sababu hata anayebofya ovyo atapatia mara moja katika kila nne. Zikiwa nane, kubahatisha kunalipa nusu ya hapo, na mkabaji analazimika kumsoma mtu aliyeketi kando yake: anapenda nini zikibaki yadi mbili, anakimbilia mbinu gani akishikwa na hofu, amerudia ileile mara ngapi. Mamia ya mbinu yangeliua jambo hili, kwani hakuna awezaye kuikariri tabia ya mwenzake katika msitu mnene kiasi hicho. Kwa maoni yangu idadi hii ndiyo kazi bora kuliko zote ndani ya kaseti ile, na yeyote anayepima gemu ya mashindano aanzie hapo: ahesabu chaguo, kisha aangalie kama zinatosha kumficha mchezaji bila kumpoteza mpinzani wake.

Baada ya mbinu, wapimwe watu. Tofauti kati ya mchezaji na mchezaji inapaswa kufika vidoleni, isiishie kwenye jedwali la takwimu. Tecmo walipata kibali cha ligi ya NFL na cha chama cha wachezaji, wakaingiza timu zote 28 za wakati huo. Hata hivyo warusha pasi watatu mashuhuri, Randall Cunningham, Jim Kelly na Bernie Kosar, hawakuwamo katika mkataba wa majina, hivyo wakaandikwa kwa kifupi cha nafasi yao, QB, na jina la timu: QB Eagles, QB Bills na QB Browns. Hapo ndipo ubora unapojidhihirisha: jina limefutwa, lakini anayemshika QB Eagles anahisi mara moja zile mbio zilizompa Cunningham sifa. Christian Okoye, Mnigeria aliyezaliwa Enugu akawa mrusha kisahani kabla ya kuiongoza ligi kwa yadi 1,480 za kukimbia na mpira mwaka 1989, anaonekana kwa uzito wake. Wakabaji dhaifu humgonga wakaanguka wao. Bo Jackson wa Raiders ni upepo mtupu. Aliumia nyonga Januari 1991 na hakucheza tena futiboli, ila katika gemu iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo bado anakimbia akiwa mzima.

Kuna wanaosema Bo huyu ndiye anayeiharibu gemu, maana aliye naye ameshinda nusu ya mechi kabla haijaanza. Hoja ina ukweli; timu hazilingani hata kidogo. Lakini kutolingana huko kuko wazi kwa wote wawili, na katika mashindano pamezoeleka dawa rahisi: mmoja hutaja timu mbili za kupambana, mwingine huchagua aitakayo kati yake. Anayetaja analazimika kuzijua timu kwa undani, asije akampa mwenzake silaha. Wengine hudai kwamba sifa hizi ni hamu ya utoto tu. Lakini wapenzi wa gemu hii huibadilisha mwaka baada ya mwaka, wakiingiza wachezaji wa ligi ya sasa. Mwenye kulilia utoto angeyakumbatia majina ya 1991. Hawa wameyaacha majina wakakishika kiunzi.

Lawama moja siwezi kuipangua. Ukicheza msimu mzima wa mechi 16 dhidi ya kompyuta, kadiri unavyoshinda ndivyo wapinzani wanavyoongezewa nguvu, na hakuna kilicho mikononi mwako kinachoeleza kwa nini. Huo ni ugumu wa kubandikwa, usiotokana na mchezo wenyewe. Ndiyo maana gemu hii ipimwe na watu wawili wenye padi mbili. Anayenunua kaseti ya zamani aulize pia habari za betri iliyomo ndani, ile inayohifadhi takwimu za msimu. Ikiwa imekufa, bei ishuke, kwa sababu msimu hautahifadhiwa. Mechi ya wawili haitapungua kitu.