Hekalu la Neasden: maelfu ya tani za mawe bila mhimili wa chuma

Hekalu la Swaminarayan la Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, lilifunguliwa tarehe 20 Agosti 1995 na Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya Kihindu ya BAPS. Waumini wake wengi ni Wagujarati, na familia nyingi miongoni mwao ziliishi Kenya, Uganda au Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza. Awali walisali katika kanisa lililoachwa huko Islington, kisha katika ghala hapo Neasden.

Hekalu lilijengwa kwa kufuata Shilpa Shastra, kanuni za kale za usanifu wa Kihindi, na mzigo wake wote umebebwa na mawe, bila mhimili wa chuma. Uamuzi huo si wa dini peke yake. Chuma kikipata kutu hutanuka, na kikitanuka hupasua jiwe lililokizunguka. Jengo linalokusudiwa kudumu karne nyingi halina budi kumkwepa adui huyo.

Kukosa chuma kuna bei yake. Jiwe huhimili sana kugandamizwa, lakini boriti ya jiwe ikiwa ndefu hupinda kidogo tu na kukatika. Ndiyo maana ndani kuna nguzo nyingi zilizokaribiana, boriti fupi, na mabano yanayopunguza nafasi kati ya nguzo na nguzo. Nakshi humvutia mgeni kwanza, lakini mpangilio mzima umeamuliwa na udhaifu huo wa jiwe. Kuba nalo hupandishwa kwa mizunguko ya mawe, kila mzunguko ukitokeza ndani kidogo kuliko ulio chini yake, hadi pengo la juu lifungwe.

Uzito wa namna hiyo ulihitaji msingi mpana. Mnamo Novemba 1992 zilimwagwa tani 4,500 za zege kwa muda wa saa 24 bila kukatiza. Saruji ilichanganywa na majivu ya makaa ya mawe, ambayo hupunguza joto linalotokea zege linapoganda. Bamba nene likipata joto kupita kiasi huweza kupasuka kabla halijabeba chochote.

Kwa kuta za nje zilichaguliwa tani 2,828 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria, yanayostahimili baridi na mvua za London. Ndani yaliwekwa marumaru ya Carrara, Italia, tani 2,000. Mawe hayo hayakwenda London moja kwa moja. Yalisafirishwa kwanza hadi India, kwenye wachongaji 1,526, yakarudi Ulaya yakiwa vipande 26,300. Safari hiyo yaonekana ya kuzunguka bure, ila ufundi ulikuwa India, na kuhamisha mawe kulikuwa rahisi kuliko kuhamisha wachongaji wote hao na karakana zao.

Ugumu halisi ulikuwa katika michoro. Mchongaji hakuliona jiwe ambalo lingekaa chini ya lake, na kosa la milimita chache likirudiwa tabaka kwa tabaka huliyumbisha kuba. Kwa hiyo kila kipande kilipewa alama ya mahali pake. Jiwe la kwanza liliwekwa Juni 1993, na miaka miwili na ushee ilitosha kukamilisha upangaji, wafanyakazi wa kujitolea wakiwa wengi. Watoto walichangia kwa kukusanya makopo ya alumini ya kuuza.

Njia hiyo ilitumika tena baada ya London: mwaka 1999 Nairobi nayo ilipata hekalu la BAPS la mawe yaliyochongwa India.