Mlango wa mbele: kazi iko kwenye fremu

Mvua za Novemba zikishakolea Mpanda, milango mingi ya mbele huanza kugoma. Unausukuma kwa bega ndipo ufunge. Ikifika Agosti mlango uleule unacheza, na vumbi linapita ubavuni. Lawama humwangukia seremala, lakini aghalabu kosa liko kwenye namna mbao zilivyopangwa na fremu ilivyosimamishwa.

Mlango ninaouchambua ulibadilishwa na wenye nyumba wenyewe, Makanyagio, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Wa zamani ulikuwa wa mbao za wima zilizobanwa pamoja na kupigiliwa mikanda kwa nyuma. Mbao hunenepa na kusinyaa kwa upana; kwa urefu haibadiliki kiasi cha kujali. Mlango wa sentimita 90 uliojaa mbao za wima, zikinenepa kwa asilimia 1 tu, unaongezeka milimita 9, na hakuna fremu inayoacha nafasi hiyo. Kwenye mlango wa paneli, zinazoongeza upana ni mbao mbili za kusimama, za sentimita 10 kila moja, basi ongezeko ni milimita 2. Paneli zenyewe hazitiwi gundi. Zinanenepa humohumo ndani ya mifereji yake. Kwa hiyo walichagua mlango wa paneli wa mninga, mti wa miombo ya huku, unaosinyaa kidogo na ambao kiini chake mchwa hawakipendi. Nasema kiini: ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa upesi, na seremala mwaminifu huikata.

Kabla ya kung'oa fremu walibandua plasta juu ya mlango ili waione linta. Hapa namsihi kila anayetaka kujifanyia kazi hii asiwe na haraka. Ziko nyumba za zamani zisizo na linta ya zege. Matofali ya juu yamekalia kichwa cha fremu yenyewe. Ukikikata, ukuta unashuka, na unaweza kukushukia wewe. Ukikuta hivyo, simama, mwite fundi mwashi aweke linta kwanza. Nyumba hii ilikuwa nayo. Wakachonga plasta pembeni kwa tindo, wakakata kila mwimo katikati kwa msumeno, vipande wakavivutia ndani.

Fremu mpya ilishikizwa kwa kabari, ikapimwa pembe kwa pembe mpaka vipimo viwili vikalingana, kisha timazi ikashushwa ubavuni na mbele. Ubavuni pakipinda, mlango unakwaruza. Mbele pakipinda, mlango unajifungua au kujifunga wenyewe. Tofali la kienyeji ni laini na msumari hulegea humo, kwa hiyo walitumia fisha na skrubu ndefu, wakitoboa katikati ya tofali na kukwepa udongo wa kwenye maungio. Miguu ya miimo haikuzikwa sakafuni. Ilikalishwa juu ya saruji, ili mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake nje, aonekane.

Bawaba zina hesabu yake. Tuseme mlango una kilo 40. Uzito huo uko katikati ya upana, sentimita 45 kutoka kwenye bawaba. Ya juu na ya chini zikiachana sentimita 165, ya juu inavutwa itoke kwenye mwimo kwa nguvu ya kama kilo 11, usiku na mchana. Ndiyo maana milango mingi huinama upande wa kitasa: skrubu fupi za bawaba ya juu zimeshang'oka. Hawa waliweka bawaba tatu za inchi 4, na kwenye ile ya juu skrubu moja ndefu ikapita mwimo mpaka ndani ya tofali.

Vanishi walipaka mlango ukiwa bado umelazwa, wakaanza na ukingo wa chini na wa juu, ambao ukishafungwa haufikiki tena. Ncha za mbao hunywa maji kuliko uso wake, na mvua ya upepo hurukia chini kabisa.

Kazi ilifanyika Oktoba, mbao ikiwa imekauka mno, basi upande wa kitasa waliacha nafasi ya milimita 4. Anayefunga mlango wake Machi, mbao ikiwa imeshanenepa, 2 zinamtosha. Kitasa kilitobolewa mwisho kabisa, mlango ukiwa umeshaning'inia na uzito wake wote uko kwenye bawaba.